Kujenga Banda la Kuku Nyumbani: Nilivyokosea Kwanza, na Nilivyojenga Tena

 

Mhariri alinikamata baada ya mkutano wetu wa mwanzo wa muhula, akaniambia safari hii na mimi niandike. Nikamjibu kwamba mimi nasoma uhasibu, nitawaandikia nini watu? Akasema, "Andika habari ya kuku." Kumbe alikuwa amenisikia nikisimulia siku ile tulipokuwa tunachoma nyama. Nimekubali, maana naona jambo lenyewe linatuhusu wengi. Nani kati yetu hajapigiwa simu kutoka nyumbani akaambiwa, "Mwanangu, nataka kufuga kuku kidogo hapa nyuma ya nyumba, nisaidie hela ya banda"? Unatuma. Banda linajengwa, unatumiwa picha, unafurahi. Baada ya miezi unasikia kuku wamekufa, na kila mtu anasema ni mdondo, au ni jicho la jirani. Wa kwetu hawakufa kwa mdondo wala kwa jicho. Waliuawa na ramani niliyoichora mimi mwenyewe, kwa rula na penseli, chumbani kwangu hapa Reading.

Nitaanza na lilivyotokea, halafu nitaeleza jinsi ya kujenga banda la kuku thelathini, kama nilivyofundishwa baadaye na fundi wa mtaani kwetu na afisa mifugo wa kata.

Lile banda la kwanza

Mama yangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Morogoro. Mwishoni mwa 2023 alikopa kwenye kikoba chao akanunua tembe chotara thelathini. Nia yake ilikuwa mayai yamsaidie kulipa ada ya mdogo wangu wa mwisho. Mkopo wa kuku ulikuwa wake, banda likawa langu.

Wakati ule nilikuwa nakwenda kila Jumamosi kumsaidia mzee mmoja Mwingereza kwenye kishamba chake cha kukodi, vile vishamba vya manispaa ambavyo watu wa huku hulimia mboga. Yeye alinilipa kwa mayai na majani ya maboga, ambayo mwenyewe alikuwa anayatupa (hawa watu hawajui wanachokikosa). Pale alikuwa na kuku sita ndani ya kijumba cha mbao kizuri ajabu. Kimeinuliwa juu ya miguu, mbao zimebanana, paa la karatasi nene ya lami, na kitundu kidogo cha kuku kupitia ambacho hufungwa jioni kwa ajili ya mbweha. Nikajisemea, hili ndilo banda la mama. Nikalipima, nikalichora, nikaongeza vipimo kwa kukisia: la mzee lilikuwa futi 6 kwa 4, mimi nikaandika futi 10 kwa 6, urefu wa kwenda juu futi 4. Nikapiga picha ya mchoro nikamtumia fundi kwa WhatsApp, pamoja na hela. Fundi alijenga kama nilivyochora, hakupunguza wala kuongeza kitu, isipokuwa paa aliweka bati kwa kuwa ile karatasi ya lami hakuipata. Picha ilipokuja niliionyesha darasani.

Wiki chache baadaye mama akaniambia kuku wanatoa machozi. Nikamwambia anunue dawa. Akanunua, wakapewa, machozi yakaendelea. Mngekuwa na bwana mifugo hapo angechuchumaa tu akavuta hewa, akajua.

Mwezi Februari 2024 wezi wakapita mtaani wakabeba kuku wa jirani wawili watatu. Mama akaogopa, akawa hawafungulii mpaka kuwe na mtu nyumbani. Siku moja akaenda msibani Kilosa alfajiri, akamwachia mdogo wangu kazi ya kuwafungulia akitoka shule. Mnajua joto la Morogoro la Februari. Dogo alifika saa kumi jioni. Kati ya kuku ishirini na nane waliokuwa wamebaki, alikuta kumi na moja wamekufa, wengine wamelala chini wametanua mabawa, midomo wazi.

Mimi sikuambiwa. Kila nikipiga simu nauliza, "Kuku hawajambo?" Mama anajibu, "Hawajambo, soma mwanangu." Nilikuwa karibu na mitihani. Zaidi ya mwezi mzima alikuwa analipa kikoba kwa pensheni yake huku akiniambia kuku hawajambo. Dogo ndiye aliyeropoka, tena kwa bahati mbaya, akidhani nimeshajua.

Kilichowaua

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu ukilielewa hili, mengine yote ya banda utayapata mwenyewe.

Kuku hana jasho. Mwili wake akiwa mzima una joto la nyuzi 41 hivi, kupita letu lililo kama 37, na juu yake amevaa manyoya. Akizidiwa na joto hutanua mabawa ili upepo umfikie mbavuni, na hutweta mdomo wazi ili umajimaji wa kooni ugeuke mvuke na kuondoka na joto. Basi, hana njia nyingine kubwa. Sasa kutweta kunasaidia pale tu hewa inapokuwa kavu na inapita. Ukifungia kuku ishirini na nane ndani ya sanduku, mvuke wa pumzi zao unajaa mle mle, pamoja na unyevu wa kinyesi. Hewa ikishashiba maji haipokei tena mvuke, na yule kuku anatweta bure. Halafu misuli inayotweta nayo inazidi kutoa joto. Juu kuna bati limepigwa na jua tangu saa tatu asubuhi, futi nne tu kutoka sakafuni, halina dari. Ile ilikuwa tanuri.

Na yale machozi? Kinyesi cha kuku kikiloa bila hewa hutoa amonia, ile harufu inayochoma pua kama choo cha stendi. Amonia huwasha macho na kuharibu njia ya hewa ya kuku, na kuku aliyeharibika kifua hupata magonjwa mengine upesi. Sisi tulikuwa tunatibu macho, na banda ndilo lililokuwa linaumwa.

Nilipomweleza yule mzee wa Reading, alinyamaza kwanza, halafu akaniuliza, "Hewa ya juu uliipitishia wapi?" Nikamwambia mbona lako limezibwa pande zote? Akanipeleka, akanionyesha chini ya paa, pande zote mbili ndefu: kuna mwanya wa vidole vitatu, una wavu ndani. Akasema hauzibi hata theluji ikianguka, kwa sababu kuku wakavu huvumilia baridi lakini unyevunyevu huwamaliza. Mimi niliuona ule mwanya siku napima. Nilidhani ni ubao umechakaa, kwa hiyo kwenye mchoro wangu nilimrekebishia.

Julai 2024 nikapata nafasi ya kwenda nyumbani. Nikamtafuta fundi, nikiwa nimejiandaa kumlaumu angalau nusu. Nikamwuliza, fundi, wewe umejenga mabanda mangapi? Akasema hayahesabiki. Yana madirisha? Akasema yote ya wavu tangu usawa wa kiuno mpaka juu. Sasa hili la mama kwa nini hukuniambia? Akanitazama, akasema, "Mdogo wangu, ramani ilitoka Uingereza. Mimi ni nani?"

Sikuwa na la kumjibu. Tukaanza upya.

Mahali na mwelekeo

Tulizunguka ua mzima asubuhi, mchana na jioni kabla ya kuchimba chochote. Mahali pa banda pawe juu kidogo, maji ya mvua yasituame. Pawe upande ambao upepo unatoa harufu nyumbani kwenu badala ya kuiingiza sebuleni, na kabla hujaamua mwangalie na jirani, usije ukamhamishia yeye harufu. Pasiwe mbali mno; kuku wakipiga kelele usiku mtu asikie. Sisi tulichagua nyuma ya jiko, hatua kama kumi na tano, karibu na mwembe. Kivuli cha mti ni neema lakini matawi yasiguse paa, kwa sababu nyoka na kicheche hawahitaji ngazi nyingine. Tulikata mawili.

Mwelekeo ndio jambo ambalo watu wengi hawalifikirii, na halina gharama hata senti. Pande ndefu za banda zielekee kaskazini na kusini, na zile ncha fupi zielekee mashariki na magharibi. Kwetu jua la mchana liko utosini, paa litalizuia. Jua linaloingia ndani ni la asubuhi na la jioni, linalokuja limelala, na la jioni ndilo baya maana linakuta banda limeshapata moto. Ukizigeuzia ncha fupi mashariki na magharibi, na ncha hizo ukazijenga ukuta mzima mpaka juu, jua halina mlango. Lile la kwanza tulikuwa tumeligeuza kinyume, ubavu wote unakula jua la magharibi, eti ili lipendeze ukilitazama kutoka barazani.

Ukubwa

Hesabu ya kawaida ni kuku wakubwa wasiozidi watano kwa kila mita ya mraba ya sakafu, na sehemu za joto kali ni vizuri kupunguza. Kwa kuku thelathini tulijenga mita 2 kwa mita 4, yaani mita za mraba 8, wakawa hata wanne hawafiki kwa mita moja. Mama akasema tunapoteza nafasi, wangeenea arobaini. Wangeenea, kweli, mpaka Februari.

Urefu wa kwenda juu: upande wa chini mita 1.8, upande wa juu mita 2.2. Mtu mzima aingie bila kuinama sana. Hili wengi hulidharau, lakini banda ambalo mama yako wa miaka sitini na kitu lazima alitambae kulisafisha, halitasafishwa, nawaambieni ukweli.

Msingi, ukuta na wavu

Tulichimba msingi sentimita 30, tukapanga mawe, tukainua tofali za kuchoma zilizobaki kwenye ujenzi wa choo. Sakafu ikawa ya zege jembamba, imeinuka sentimita 20 kupita ardhi ya nje na ina mteremko mdogo kuelekea mlangoni ili siku ya kuosha maji yatoke. Ukikosa saruji unaweza kushindilia udongo wa kichuguu ukawa mgumu, ila panya atatoboa siku moja. Panya anakula chakula, anakula mayai, analeta na magonjwa, na nyuma yake anakuja nyoka anayemfuata yeye. Kama hela ya saruji ni ndogo, itumie sakafuni kwanza. Ukuta unaweza kuwa wa mabanzi.

Pande ndefu mbili, tofali ziliishia sentimita 70 kutoka sakafuni. Kimo hicho kinakinga upepo wa chini na mvua inayoruka, na mwewe au mbwa anayepita hawaoni kuku moja kwa moja. Kutoka hapo mpaka chini ya paa ni wavu mtupu, pande zote mbili, ili hewa iingie huku itokee kule. Ukiacha wazi upande mmoja tu hewa inaingia inajikuta haina pa kwenda.

Kuhusu wavu nina neno. Ule wavu mwepesi wa matundu makubwa unaoitwa wavu wa kuku unazuia kuku asitoke, hauzuii mnyama asiingie. Kicheche anaurarua, nyoka anapenya. Tuliuweka huo sehemu ya juu kwa sababu ni rahisi, lakini mita moja ya chini, kuanzia mwisho wa tofali, tukaweka wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi, ule ambao mafundi wanauita kofitrei. Upigie misumari ndani ya fremu, halafu ufunike ukingo wake kwa ubao mwembamba. Ukiacha ukingo wazi kuna siku utavutwa.

Sasa mvua na baridi ya usiku wa Juni na Julai? Mama alishona mapazia kutoka viroba vya chakula cha kuku, akatia fito chini na juu. Hapa kuna ujanja ambao afisa mifugo alitufundisha, na nilijiona mjinga kwamba sikuuwaza. Sisi tulitaka kuyaning'iniza kama mapazia ya dirishani, yakunjwe kwenda juu. Akasema geuzeni: chini yafungwe moja kwa moja kwenye ukuta, na uyavute kutoka chini kwenda juu kwa kamba. Hapo ukiyavuta nusu, kuku wamekingwa na upepo, na juu bado pako wazi kwa hewa chafu kutoka. Mapazia yanayoshuka kutoka juu yanaziba pale pale pa kutokea joto na kuacha upepo uwapige kuku miguuni. Na hata usiku wa baridi kali yasifike juu kabisa.

Paa

Bati za futi 10, geji 30, saba zilitosha. Kwa kuwa banda lina upana wa mita 2, bati lilibakiza karibu nusu mita ya kuning'inia kila upande, na hiyo ndiyo inayozuia mvua isiingie kwenye wavu. Upande wa chini wa paa tuliuelekezea mvua inakotokea kwetu, yaani upande wa milima ya Uluguru. Chini ya bati tulifunga mikeka ya matete, tukaacha nafasi ya kiganja kati ya mkeka na bati ili hewa ipite katikati. Ni kazi ya nusu siku. Mchana wa saa nane ukiweka mkono chini ya mkeka, halafu ukauweka chini ya bati tupu la lile banda la kwanza, hutahitaji mtu akuambie. Mwenye makuti au nyasi za kuezekea amebarikiwa, hana haja ya bati, ila azikague kila mwaka kwa ajili ya viroboto, na mvua.

Ndani

Kuku anapenda kulala juu. Fito za kulalia ziwe za mirunda iliyosuguliwa ikawa laini, unene wa mpini wa jembe hivi, na kila kuku apate sentimita 20. Thelathini mara ishirini ni mita 6, kwa hiyo tukaweka fito mbili za mita 3, zimeachana sentimita 40, ya kwanza iko sentimita 30 kutoka ukutani. Zote ziwe kimo kimoja, kama sentimita 60. Ukizipanga kama ngazi, kila jioni kuna vita ya kugombea ya juu.

Viota vya kutagia: kimoja kwa kuku watano, yaani sita. Duka la seremala tulilipita tukaenda kununua madumu ya lita 20 yaliyotumika, tukayaosha, tukayakata mdomo upande mmoja na kuacha ukingo wa kama sentimita 10 mayai yasibingirike. Yanaoshwa kwa maji ya moto na chawa hawana pa kujificha kama kwenye mbao. Yaweke kwenye kona yenye giza na yawe chini kuliko fito za kulalia. Kiota kikiwa juu kuliko fito, kuku atalala ndani yake na utakuwa unaokota mayai yenye kinyesi.

Sakafuni ni pumba ngumu za mpunga, ambazo kwenye mashine za kukoboa mara nyingi unapewa bure ukienda na kiroba chako, au maranda ya seremala. Kina cha sentimita 8 mpaka 10. Zigeuze kwa reki mara mbili kwa wiki. Shika kiganja ukaminye: zikitawanyika ziko sawa, zikibaki donge zina maji, zitoe. Chombo cha maji kiweke juu ya tofali mbili, kimo cha mgongo wa kuku, maana maji yanayomwagika ndiyo chanzo cha karibu matatizo yote ya sakafu. Na chuchumaa. Pua yako ukiwa umesimama iko mita moja na nusu juu, ya kuku iko sentimita 30. Ukichuchumaa dakika moja ukahisi macho yanawasha, usinunue dawa ya macho, badilisha pumba.

Mlango ufunguke kwa nje, uwe na kizingiti cha sentimita 20 cha kuzuia pumba, komeo na kufuli mbili. Wezi wako pale pale, hawajahama. Ila sasa kufunga hakuui mtu.

Banda halizuii mdondo

Hili niliseme wazi nisije nikalaumiwa. Hata banda zuri kiasi gani, mdondo (wengine wanauita kideri) ukiingia utafagia wote. Hauna tiba, kuna chanjo tu. Nyumbani ipo ya I-2, ambayo inastahimili joto kuliko zile za zamani, ingawa nayo inataka kuwekwa mahali pa baridi na penye kivuli. Tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko wa mtu mmoja, kwa hiyo mama na majirani wanne wanachanga, wanachanja siku moja asubuhi, na kuku wa mtaa mzima wanakuwa salama pamoja. Wageni wanaonunuliwa sokoni wakae peke yao wiki mbili kabla ya kuchanganywa. Ndui ya kuku na Gumboro nazo zina chanjo zake, afisa mifugo atawapangia.

Kwa wale mnaotaka kufuga huku huku

Kuna mwenzetu aliniuliza kama anaweza kuweka kuku wawili nyuma ya nyumba aliyopanga. Kwanza soma mkataba wa nyumba na umwulize mwenye nyumba, wengi hawaruhusu. Pili, Uingereza tangu Oktoba 1, 2024 mtu yeyote mwenye kuku, hata mmoja, lazima amsajili serikalini, kwa sababu ya mafua ya ndege. Zamani ilikuwa kwa wenye hamsini na kuendelea. Yakilipuka mafua mnaweza kuamriwa kuwafungia ndani. Tatu, na hili litawashangaza: ni kosa kisheria kuwapa kuku makombo yaliyotoka jikoni kwako, hata maganda ya viazi, ila kama nyumba nzima haiingizi nyama, maziwa wala mayai. Kule kwetu kuku bila makombo ni kuku gani? Kwenye vile vishamba vya kukodi, sheria ya 1950 inaruhusu mitetea na sungura, lakini si jogoo. Kelele, bwana.

Hela

Banda la pili liligharimu kidogo kuliko la kwanza, kwa sababu mbao nzuri ndizo zilizokuwa ghali na hatukuzihitaji. Siku hizi nikimsaidia mtu kupanga ujenzi wa nyumbani, namwomba atume kwa awamu: ya msingi, kisha akishaona picha ya msingi na futi kamba imelazwa juu yake, ya ukuta, kisha ya paa. Na kabla ya yote apige simu kwa fundi amwulize swali moja, kisha anyamaze asikilize: "Fundi, ungekuwa unajijengea wewe, ungejengaje?"

Kuku kumi na saba waliobaki walihamia Agosti 2024, siku tatu kabla sijapanda ndege. Mama aliongeza wengine kidogo kidogo kutoka kwa vifaranga wake mwenyewe, hakukopa tena. Mkopo wa kikoba aliumaliza Desemba, dogo alirudi shule Januari na ada yake yote.

Lile banda la kwanza halikubomolewa. Wameng'oa ubao wa mbele, mama anawekea mkaa, na mkaa haulowi hata tone. Nami nikipiga simu siulizi tena kama kuku hawajambo. Namwambia, "Mama, hebu nenda bandani, chuchumaa, uniambie pua inasemaje." Analalamika magoti, lakini anakwenda, na mimi nasubiri kwenye laini.